Abdulhamid Al-Katib: Kalamu ya dola iliyoanguka

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyemjaalia mwanadamu ulimi wa kusema na mkono wa kuandika. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye hakuwa mwenye kusoma wala kuandika, lakini aliweka makatibu waliouandika Wahyi kwa uaminifu. Ziwafikie pia Aali zake, Masahaba zake na kila aliyefuata uongofu wao hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, lugha yetu ya Kiswahili ina maneno matatu ambayo tunayatumia kila siku bila ya kuyafikiria asili yake. La kwanza ni katibu. Kila chama, kila msikiti, hata kila kikundi cha kuzikana kina katibu wake. La pili ni risala. Ni nadra kufanyika hafla yenye mgeni rasmi isiyosomwa risala. La tatu ni diwani, ambaye leo kwetu ni mwakilishi wa kata. Maneno haya matatu yaliwahi kukaa pamoja katika ofisi moja, nayo ni Diwani ya Risala, yaani idara ya barua za dola ya Kiislamu. Mtu aliyeipatia idara hiyo heshima kuliko wote waliomtangulia ni Abdulhamid bin Yahya, aliyejulikana katika vitabu vya tarekhe kwa jina la Abdulhamid Al-Katib.

Tumemchagua kwa Ijumaa ya leo kwa sababu katika zama zetu wapo watu wengi ambao kazi yao ni kuwapangia wakubwa maneno. Huandika hotuba, hutunga kaulimbiu, huchagua habari ipi itangulizwe na ipi ifichwe. Abdulhamid aliifanya kazi hiyo takriban miaka 1,300 iliyopita, akaifikisha kwenye kilele, akaiwekea maadili, kisha akaona kwa macho yake pale inapofika mwisho nguvu ya maneno. Katika maisha yake mna mazingatio kwa mwenye kuandika, kwa mwenye kuandikiwa, na kwa sisi tunaosoma na kusikiliza.

MWALIMU WA WATOTO

Abdulhamid hakuzaliwa katika nyumba ya watawala. Alikuwa miongoni mwa mawali, yaani Waislamu wasiokuwa Waarabu kwa nasaba, waliojiunga na makabila ya Kiarabu kwa mafungamano ya usuhuba na himaya. Wengi wa wanahistoria wanamnasibisha na mji wa Anbar, ulio katika Iraq ya leo, na asili yake inadhaniwa kuwa ni ya Kiajemi. Kabila alilofungamana nalo lilikuwa Banu Amir bin Luay katika Makureshi.

Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kufundisha watoto. Akihama mji hadi mji, akiwafundisha wana wa watu kusoma na kuandika. Ualimu wa namna hiyo haukuwa na heshima kubwa wala malipo makubwa katika zama zile, na pengine msomaji ataona kwamba hali haijabadilika sana. Lakini ni katika kazi hiyo ndipo mtu hujifunza jinsi ya kulieleza jambo gumu likaeleweka, na ndipo mkono huzoea hati.

Inasimuliwa kwamba alipoulizwa ni kitu gani kilichomfungulia mlango wa ufasaha, alijibu kuwa ni kuhifadhi maneno ya Sayyidna Ali bin Abi Talib (R.A.). Jibu hili lina uzito wake. Abdulhamid aliutumikia ukoo wa Bani Umayya, na ugomvi wa ukoo huo na nyumba ya Sayyidna Ali unajulikana. Hata hivyo hakuona haya kukiri kuwa alichota katika kisima hicho. Elimu huchukuliwa popote ilipo.

KATIKA DIWANI YA HISHAM

Ili tuielewe nafasi aliyoipata, yafaa tukumbuke hali ya dola wakati huo. Miongo michache kabla yake, katika utawala wa Abdulmalik bin Marwan (685–705), daftari za serikali zilikuwa zimehamishwa kutoka Kiajemi huko Iraq na Kiyunani huko Shamu, zikaanza kuandikwa kwa Kiarabu. Mipaka ya dola ilikuwa imeenea kutoka Andalusi upande wa magharibi hadi bonde la mto Sindi upande wa mashariki. Khalifa aliyekaa Shamu hangeweza kuzifikia nchi hizo kwa sauti yake. Aliyefika huko ni mjumbe wa barid, yaani posta ya dola, akiwa na barua mkononi. Barua ilisomwa mbele ya gavana, na aghalabu ilisomwa msikitini mbele ya watu. Kwa raia wa Khurasan au wa Misri, barua ile ndiyo iliyokuwa sura ya khalifa, ndiyo sauti yake, na ndiyo hukumu yake.

Abdulhamid aliingia katika idara hiyo zama za Khalifa Hisham bin Abdulmalik (724–743). Mkuu wa makatibu wa Hisham alikuwa Salim Abul-Alaa, mwana wa mawali mwenzake, ambaye walikuwa na uhusiano wa ukwe. Salim alikuwa mtu wa elimu pana, na hutajwa kuwa alihusika na kuingizwa katika Kiarabu kwa barua zilizonasibishwa na mwanafalsafa Aristotle alizomwandikia Alexander kuhusu utawala. Chini ya mwalimu huyu Abdulhamid alijifunza kwamba barua ya dola si taarifa tu. Ni siasa yenyewe ikiwa imevikwa nguo ya maneno.

Mwaka 114 Hijria (732) Hisham alimteua binamu yake, Marwan bin Muhammad, kuwa gavana wa Armenia na Azerbaijan, mpaka wenye vita visivyokwisha. Marwan alikuwa askari shupavu, mstahimilivu mno, hata akapewa lakabu ya Punda kwa jinsi alivyovumilia mashaka ya vita. Abdulhamid akawa katibu wake huko. Kuanzia hapo mtu wa upanga na mtu wa kalamu hawakuachana tena.

MARWAN APATA UKHALIFA

Mwaka 744 nyumba ya Bani Umayya iliingia katika mfarakano mkubwa. Khalifa Al-Walid wa pili aliuawa na jamaa zake, aliyemrithi akafariki baada ya miezi michache, na Marwan akaondoka mpakani na jeshi lake, akauchukua ukhalifa.

Inasimuliwa kwamba habari ya ukhalifa ilipomfikia Marwan alisujudu kumshukuru Mwenyezi Mungu, na wote waliokuwapo wakasujudu isipokuwa Abdulhamid. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba haoni la kumfurahisha katika kumwona sahibu yake akiruka juu na kumwacha chini. Marwan akamwahidi kuwa wataruka pamoja. Hapo ndipo Abdulhamid naye akasujudu. Huenda kisa hiki kilitiwa chumvi na wasimulizi, lakini kinaonyesha namna watu walivyouona ukaribu wa wawili hawa. Pia kinaonyesha kuwa Abdulhamid alikuwa mtu wa kujua thamani yake.

Marwan akaufanya mji wa Harran kuwa makao yake badala ya Damascus, na Abdulhamid akashika Diwani ya Risala ya dola nzima.

KALAMU YAKE ILIVYOFANYA KAZI

Kabla ya Abdulhamid, barua za watawala kwa kawaida zilikuwa fupi na kavu. Yeye ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza kuzirefusha, kuzipanga kwa sehemu, na kuzianza sehemu hizo kwa kumhimidi Mwenyezi Mungu kwa maneno mengi yanayoafikiana na jambo linalokuja. Barua ya ushindi ilikuwa na shukrani ya namna yake, na barua ya kuonya fitina ilikuwa na namna nyingine. Msikilizaji alitayarishwa moyo kabla hajafikiwa na amri. Alipenda sentensi zinazokwenda sambamba, moja ikiitikia nyingine, ili msomaji wa msikitini asikatike pumzi na mwenye kusikia asisahau.

Vitabu vya kale vinasema mkusanyiko wa barua zake ulifikia kiasi cha kurasa 1,000. Zilizobaki ni chache, na mtafiti Ihsan Abbas alizikusanya na kuzichapisha mjini Amman mwaka 1988. Miongoni mwake imo barua ndefu aliyoiandika kwa niaba ya Marwan kwenda kwa mwanawe na mrithi wake, Abdallah, alipokuwa anapelekwa kupigana na Makhawarij. Ndani yake mna nasaha juu ya nidhamu ya nafsi, uchaguzi wa washauri, hadhari na wasengenyaji, na mpangilio wa jeshi. Imo barua ya kukataza mchezo wa sataranji kwa vile uliwashughulisha watu na kuwasahaulisha Swala. Zimo pia barua za kuhimiza utiifu kwa khalifa na kuonya juu ya fitina.

Hapa tusimame kidogo. Barua hizi za utiifu zilijenga hoja kwamba utawala wa Bani Umayya ni amana kutoka kwa Mwenyezi Mungu, na kwamba anayeutoka ameitoka jamaa ya Waislamu. Kuhifadhi umoja ni jambo kubwa katika dini, na hakuna anayelikanusha. Lakini katibu alipokuwa akiandika utiifu, je, aliandika kwa kiasi kile kile juu ya uadilifu? Swali hili litaturudia mbele.

Alijua pia kufupisha. Yapo masimulizi kwamba gavana mmoja alimzawadia Marwan mtumwa mmoja mweusi, Marwan akaidharau zawadi hiyo na kumtaka katibu wake aandike karipio fupi. Abdulhamid akaandika sentensi moja yenye kudharau idadi ya zawadi na rangi ya mtu yule kwa pamoja. Wapenzi wa balagha waliisifu kwa ufupi wake. Sisi hatuwezi kuisifu. Mtume (S.A.W.) alikwishabainisha katika Hija ya Kuaga kwamba mweupe hana ubora juu ya mweusi ila kwa ucha Mungu. Maneno mazuri kwa sura yanaweza kubeba jambo ovu ndani yake, na kipaji cha mwandishi hakimwondolei dhima.

WASIA KWA MAKATIBU

Kazi iliyomfanya akumbukwe zaidi ni risala aliyowaandikia makatibu wenzake. Al-Jahshiyari aliihifadhi katika kitabu chake juu ya mawaziri na makatibu, na Ibn Khaldun akaiingiza katika Mukadima yake, karne sita baada ya mwandishi kufariki. Tunaieleza hapa kwa muhtasari na kwa maneno yetu wenyewe.

Anaanza kwa kuwakumbusha cheo chao. Mtawala huyaona mambo kupitia kwao, huyasikia kupitia kwao, na husema kupitia kwao. Kwa hiyo katibu akiharibika, mtawala huwa mfano wa kipofu na kiziwi hata kama macho na masikio yake ni mazima. Kutokana na cheo hicho anawadai tabia maalumu: upole panapohitaji upole, uthabiti panapohitaji uthabiti, kutunza siri, kujizuia na haramu, na kuwa waaminifu siku ya shida kama walivyokuwa siku ya neema.

Kisha anataja masomo. Anatanguliza Kitabu cha Mwenyezi Mungu na elimu ya faradhi. Baada yake lugha ya Kiarabu kwa ajili ya kunyoosha ulimi, hati nzuri kwa kuwa ndiyo pambo la barua, mashairi na maana zake, habari za vita na siku za Waarabu na Waajemi, na hesabu kwa sababu daftari za kodi husimama juu yake. Yeye mwenyewe alisimamia hata mambo madogo ya ufundi. Husimuliwa kwamba alimwona katibu mmoja mwenye hati mbaya, akamwelekeza namna ya kuichonga kalamu yake ya mwanzi: ncha iwe ndefu na nene, na mkato uelekezwe kulia. Hati ya yule mtu ikanyooka.

Anawaonya dhidi ya tamaa, kiburi, umbea na fitina. Anawataka wapendane kwa ajili ya Mwenyezi Mungu katika kazi yao. Mwenzao akianguka kimaisha wamsaidie hadi ainuke. Akizeeka na kushindwa kutoka, wamtembelee nyumbani na wafaidike na uzoefu wake. Kazi ikisifiwa, katibu aielekeze sifa kwa mwenzake. Ikilaumiwa, lawama aibebe yeye. Ni watumishi wangapi wa ofisi za leo wanaoweza kuishi kwa kipimo hiki hata kwa wiki moja?

Anatoa mfano wa mtu anayechunga mnyama. Mchungaji hodari hujua tabia ya mnyama wake. Anayepiga mateke hamsogelei kwa nyuma, na mkaidi humtuliza pole pole. Ikiwa mnyama asiyesema anastahiki hekima hiyo, basi mwanadamu mwenye akili na ulimi anastahiki zaidi. Na katibu anayepewa madaraka juu ya raia, anamwamuru amche Mwenyezi Mungu, awahurumie wanyonge na ampe haki aliyedhulumiwa, akikumbuka kuwa viumbe wote wako chini ya ulezi wa Muumba wao.

Mwisho anawakataza israfu katika mavazi, vipando, chakula na majumba. Wao ni watumishi, na mtumishi anayejikweza hushuka.

Msomaji atatambua kwamba mizizi ya nasaha hizi imo katika Qur'ani Tukufu. Aya ndefu ya deni katika Suratul Baqara, aya ya 282, inamwamuru mwandishi aandike kwa uadilifu. Abdulhamid aliipanua amri hiyo ikawa maadili ya taaluma nzima.

WITO UTOKAO KHURASAN

Wakati katibu huyu akiandika kutoka Harran, mashariki kulikuwa na watu wengine waliokuwa wakijenga maneno ya kuiangusha dola. Bani Abbas, kizazi cha ami yake Mtume (S.A.W.), walikaa katika kijiji kidogo cha Humayma, katika nchi ya Yordani ya leo, na kutoka huko wakatuma wajumbe wa siri hadi Khurasan. Wajumbe walisafiri kama wafanyabiashara. Wito wao ulikuwa mfupi: watu wampe utiifu yule atakayeridhiwa katika Aali za Muhammad. Jina hawakulitaja. Waliompenda mmoja katika kizazi cha Sayyidna Ali walimfikiria huyo, na Bani Abbas walijifikiria wenyewe. Wote wakakusanyika chini ya neno moja ambalo kila mmoja alilifasiri kwa matumaini yake.

Mnamo Ramadhani mwaka 129 Hijria (747), Abu Muslim wa Khurasan alizifunua bendera nyeusi karibu na mji wa Merv. Waliomfuata walikuwa Waarabu na wasiokuwa Waarabu, na miongoni mwao walikuwamo mawali wengi. Mawali walikuwa na malalamiko ya kweli. Katika nyakati mbalimbali walikuwa wamesilimu na bado wakatozwa kodi ya wasiokuwa Waislamu, wakapigana jihadi na wakapewa fungu dogo. Khalifa Umar bin Abdulaziz (717–720) alijaribu kuliondoa jambo hilo, lakini baada yake mengi yakarejea yalivyokuwa.

Fikiria, ndugu msomaji. Dola ilikuwa na mwandishi bora kuliko wote, na mwandishi huyo mwenyewe alikuwa mwana wa mawali. Upande wa pili ulikuwa na sentensi moja isiyo na jina. Lakini sentensi ile iliangukia kwenye nyoyo zenye majeraha, ilhali barua za Harran ziliwaendea watu ambao tayari walikuwa wamechoka kusubiri haki. Gavana wa Khurasan, Nasr bin Sayyar, alituma maonyo hadi akatumia mashairi kumzindua Marwan. Msaada haukufika kwa wakati, kwa kuwa khalifa alikuwa amefungwa na maasi ya Shamu na Iraq.

BARUA ILIYOCHUKULIWA NA NGAMIA

Hapo ndipo panapotajwa kisa mashuhuri kuliko vyote katika maisha yake. Abdulhamid alimwandikia Abu Muslim barua kwa niaba ya Marwan. Wasimulizi wanasema ilikuwa kubwa kiasi cha kubebwa juu ya ngamia. Alimhakikishia Marwan kwamba barua hiyo ikisomwa mbele ya wafuasi wa Abu Muslim itawatia shaka na kuwagawanya, kwa jinsi alivyozipanga hoja zake.

Abu Muslim naye hakuwa mjinga. Aliijua kalamu ya aliyeandika. Hakuifungua. Aliitia moto, kisha akarejesha kipande kidogo chenye ujumbe wa kishairi kwamba wakati wa ufasaha umepita na sasa ni zamu ya upanga. Yawezekana ukubwa wa barua hiyo umezidishwa katika kusimuliwa, lakini maana ya kisa imebaki. Hoja hainufaishi kitu inapomfikia mtu aliyekwisha kuamua kutosikiliza, na hufika hali hiyo pale dola inapochelewa. Laiti nusu ya jitihada ile ingetumika miaka ishirini kabla katika kuwaondolea raia dhulma ya kodi!

KHIANA ALIYOIKATAA

Kufa ilikuwa imetiwa katika mikono ya Bani Abbas mwaka 749, na Abul Abbas As-Saffah akapewa kiapo cha utiifu huko. Mwezi Januari mwaka 750 Marwan alikutana na jeshi la Abdallah bin Ali, ami yake As-Saffah, kwenye mto Zab, kaskazini mwa Iraq. Alishindwa. Akakimbia kutoka Harran hadi Shamu, kutoka Shamu hadi Palestina, kutoka Palestina hadi Misri. Kila mji aliopita milango ilifungwa au nyoyo zilifungwa. Waliokuwa wakisujudu pamoja naye siku ya ukhalifa walikwisha kutawanyika.

Abdulhamid alibaki. Katika njia hiyo ya ukimbizi aliwaandikia jamaa zake barua ya kuwaaga, akieleza namna dunia inavyowapa watu utamu kisha ikawageuzia uchungu.

Inasimuliwa kwamba Marwan alipoona mwisho umekaribia alimshauri katibu wake aende kwa maadui na ajifanye amemgeuka. Alimweleza kuwa watawala wapya wataihitaji kalamu yake, na kwamba akiwa kwao ataweza kuwalinda wake na watoto wa Marwan baada ya kuuawa kwake. Ilikuwa ruhusa kutoka kwa bwana mwenyewe, na ilikuwa na maslahi ya wazi. Abdulhamid alikataa. Alijibu kwamba jambo lile lina manufaa kwa Marwan lakini lina aibu kwake yeye, kwa sababu watu wataiona khiana yake kwa dhahiri, na uaminifu wake utabaki umefichika asipatikane wa kumsemea. Kisha akaahidi kusubiri pamoja naye hadi Mwenyezi Mungu afungue njia au wafe wote.

Mtu aliyeishi maisha yake yote kwa kupanga namna watu watakavyoliona jambo, alikataa kuokoa maisha yake kwa sura ya uongo.

KIFO CHAKE

Mwishoni mwa mwaka 132 Hijria, sawa na kiangazi cha mwaka 750, Marwan alifikiwa katika kijiji cha Busir huko Misri akauawa. Juu ya kifo cha Abdulhamid zipo riwaya mbili. Ya kwanza inasema aliuawa hapo hapo Busir pamoja na bwana wake. Ya pili inasema alijificha katika nchi ya Jazira, kwenye nyumba ya rafiki yake Ibn al-Muqaffa, mwandishi aliyeingiza Kalila na Dimna katika Kiarabu. Askari walipoingia na kuuliza ni yupi Abdulhamid, kila mmoja kati ya marafiki wawili alidai kuwa ni yeye, akitaka kumkomboa mwenzake. Abdulhamid akachelea rafiki yake asije akauawa bure, akawataka askari wahakikishe kwa alama zilizojulikana mwilini mwake. Akachukuliwa, akateswa hadi kufa.

Riwaya yoyote tutakayoishika, zote mbili zinamshuhudia kwa sifa moja: hakumtupa mtu.

Waliobaki upande wa ushindi nao hawakusalimika. Abu Muslim aliyeichoma barua aliuawa mwaka 755 kwa amri ya Khalifa Al-Mansur, wa ukoo ule ule alioupandisha. Abdallah bin Ali, mshindi wa mto Zab, aliasi akashindwa, na Ibn al-Muqaffa akaandika hati ya amani kwa ajili yake yenye masharti makali mno juu ya Al-Mansur. Huelezwa kwamba hati hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu za Ibn al-Muqaffa kuuawa kikatili huko Basra. Kizazi cha Abdulhamid, kwa upande wake, husemwa kuwa kilibaki Misri, na baadhi yao wakawa makatibu wa Ahmad bin Tulun karne iliyofuata.

MAZINGATIO

Wajuzi wa lugha ya Kiarabu wamezoea kusema kuwa sanaa ya kuandika barua ilifunguliwa na Abdulhamid na kufungwa na Ibn al-Amid, waziri aliyefariki mwaka 970. Hiyo ni sifa ya ufundi. Sisi tunatafuta faida ya dini katika maisha yake, nayo tunaiona katika mambo matatu.

Kwanza, maneno ni amana. Suratu Qaf, aya ya 18, inatufahamisha kwamba kila neno analolitamka mtu lina mwangalizi wa kulinakili. Anayeandikia wengine asidhani kuwa dhima ni ya aliyetia saini peke yake.

Pili, kalamu haiwezi kuwa badala ya uadilifu. Tuliuliza hapo juu kama katibu aliandika juu ya haki kwa kiasi alichoandika juu ya utiifu. Katika risala yake kwa makatibu aliandika juu ya haki, tena vizuri sana. Lakini nasaha ile aliwapa makatibu, na wale waliokuwa wakitozwa kodi kwa dhulma huko Khurasan hawakuiona ikitendwa. Mshauri mwema wa mtawala ni yule anayemwambia ndani kile ambacho watu wanakilia nje, kabla hajamtungia maneno ya kuwatulizia. Akiwatuliza tu bila ya kumwambia, amewadanganya wote wawili.

Tatu, uaminifu hupimwa siku ya kushindwa. Tunaweza kutofautiana juu ya dola aliyoitumikia, na waliotofautiana nayo walikuwa na hoja. Lakini alikula mkate wao siku za neema, na siku ya njaa hakuinuka mezani. Leo tunawaona watu wakihama upande kila upepo unapogeuka, wakiyakana leo waliyoyaandika jana, na wengine hulisifu jambo hilo kuwa ni werevu. Abdulhamid aliruhusiwa kufanya hivyo na bwana wake mwenyewe, akakataa.

Na sisi wasomaji tuna letu pia. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamuru tuzihakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Wito wenye kuvutia usiokuwa na jina ndani yake uuliwe jina lake. Watu wa Khurasan waliitikia wito wa aina hiyo, na wengi wao hawakupata walichokitarajia.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) azifanye ndimi zetu na kalamu zetu kuwa hoja kwa ajili yetu wala zisiwe hoja dhidi yetu. Atujaalie viongozi wanaosikia na washauri wasemao kweli, na atuthibitishe katika ahadi zetu wakati wa dhiki na wakati wa faraja. Amin.

Wabillahi tawfiq.